Mwisho wa reli: habari za ncha za protini

Kila nikifundisha protini lazima atokee mwanafunzi wa kuandika Gly-Ala, anaweka alama ya sawasawa, halafu Ala-Gly. Ukimuuliza anakuangalia kama wewe ndo una shida, maana kwake glaisini ipo, alanini ipo, hesabu imetimia, sasa ticha unalalamika nini? Huwa simlaumu sana, vitabu vyetu vinapita hapo mbio mbio, vinasema amino asidi zinaungana basi yameisha, hakuna anayekaa akamwambia mtoto kwamba mnyororo wa protini una kichwa na una mkia na kwamba hivyo viwili siyo kitu kimoja.

Kwa bahati nzuri tuko Kigoma. Treni inayotoka Dar na ile inayorudi Dar mabehewa ni yale yale, stesheni ni zile zile, Dodoma, Tabora, Uvinza, ila muulize mtu aliyepanda isiyo yake. Na sisi tunaoitwa mwisho wa reli tunajua stesheni ya mwisho haifanani na za katikati, katikati treni inapita, huku mwisho ndo mzigo unashushwa, ndo meli inasubiri, ndo wachukuzi wanagombania. Nikishasema hivyo darasa zima linacheka na alama ya sawasawa inafutwa. Nimeona niandike kwa kirefu zaidi kwa sababu hili jambo la ncha wengi wanaliona ni la kukariri kwa ajili ya mtihani, kumbe limekaa mpaka kwenye sindano ya bibi yako na kwenye karatasi ya majibu ya maabara.

Kwanza tuelewane. Kila amino asidi ina upande wa amini, wenye naitrojeni, na upande wa asidi, wa kaboksili. Zikiungana mbili, asidi ya ya kwanza inashikana na amini ya ya pili na molekuli moja ya maji inatoka. Endelea hivyo hivyo mpaka pingili mia au elfu (pingili ni amino asidi moja ndani ya mnyororo). Zile za katikati zote zimeshatumia mikono yao miwili, hazina tena amini huru wala asidi huru kwenye uti wa mnyororo, chaji imepotea. Zinazobaki na kitu mkononi ni mbili tu: ya kwanza ina amini yake huru, tunaiita ncha ya N, na ya mwisho ina asidi yake huru, ncha ya C. Kwenye damu ambapo pH ni kama 7.4, ncha ya N kwa kawaida ina chaji chanya na ncha ya C ina chaji hasi. Kwa hiyo hata protini iwe ndefu namna gani, kuna sehemu mbili ambazo kikemia hazifanani na sehemu nyingine yoyote ya uti wake. Kinachotaka kuishika, kuikata, kuihesabu au kuiharibu mara nyingi kinaanzia hapo.

Na kuandika kutoka N kwenda C siyo mapatano tu ya wanasayansi kama vile sisi tulivyokubaliana kuendesha kushoto. Mwaka 1961 Howard Dintzis alionyesha, kwa kutumia seli changa za damu za sungura zinazotengeneza himoglobini, kwamba seli yenyewe inaanza kujenga upande wa N na kumalizia upande wa C. Kwa hiyo hiyo ndo njia ya treni.

Mfano wa haraka wa jinsi ncha inavyobadilisha mambo uko dukani. Zile soda za zero, nyingi zinatiwa aspateimu. Aspateimu ni pingili mbili tu, asidi ya aspatiki mbele na fenilalanini nyuma, na kwenye mkia wa fenilalanini kumebandikwa kikundi kidogo cha methili. Utamu wake unakaribia mara 200 ya sukari ya kawaida. Sasa toa kile kikundi cha mkiani, ubaki na pingili zile zile mbili kwa mpangilio ule ule: haina utamu. Ndo maana pia soda ya aina hiyo ikikaa sana juani utamu unashuka, mkia unang'oka taratibu. Aliyegundua, James Schlatter, mwaka 1965, hakuwa hata anatafuta utamu, alikuwa kwenye kazi ya dawa ya vidonda vya tumbo akalamba kidole. (Msifanye hivyo maabara, nimesema mara ngapi.)

Sasa tuje kwa mtu ambaye mimi naona wanafunzi wetu wangemjua kama wanavyowajua wachezaji mpira. Frederick Sanger, Cambridge, miaka ya 1940. Wakati ule watu wengi wazuri tu walikuwa wanaamini protini ni mchanganyiko usio na mpangilio kamili, yaani kila molekuli ya insulini inaweza kutofautiana kidogo na jirani yake. Sanger hakubishana, alienda kwenye ncha. Alichukua kemikali inaitwa fluorodainitrobenzini, ambayo inashika amini iliyo huru na inageuka kuwa na rangi ya njano. Ukishaipaka protini, unaichemsha kwenye asidi kali ya haidrokloriki, mnyororo wote unavunjika pingili moja moja, ila ule muungano wa rangi na pingili ya kwanza hauvunjiki kirahisi. Kwa hiyo kwenye supu yote ya amino asidi, ile iliyokuwa imekaa mbele kabisa ndo inabaki na alama ya njano. (Laisini nayo inapakwa kwa sababu ina amini nyingine ubavuni, ila hiyo inajulikana, unaitenga.) Unaitoa, unailinganisha na zile unazozijua, umejua nani alikuwa kichwa.

Kilichompata kwenye insulini ya ng'ombe, akachapisha mwaka 1945, ni kwamba vichwa vilikuwa viwili. Glaisini na fenilalanini. Fikiria kidogo hapo. Kama mnyororo ni mmoja kichwa kingekuwa kimoja. Vichwa viwili maana yake minyororo miwili, na ikawa kweli, mnyororo A una pingili 21 unaanza na glaisini, mnyororo B una pingili 30 unaanza na fenilalanini, imeshikanishwa na madaraja ya salfa. Bila kusoma hata pingili moja ya katikati, kwa kuangalia ncha tu, alishajua umbo la kitu. Baada ya hapo yeye na wenzake wakakata vipande, wakapaka njano kila kipande, wakapanga, mnyororo B wakautoa 1951 na A 1953. Nobeli akaipata 1958, na 1980 akapata ya pili kwa kazi ya DNA. Na hoja ya protini kuwa mchanganyiko usio na mpangilio ikafa palepale.

Shida ya njia ya Sanger ni kwamba ili ujue kichwa lazima uue mwili wote. Pehr Edman, Msweden ambaye baadaye alihamia Melbourne, ndo aliyekuja na ustaarabu. Njia yake ya 1950: unashika ncha ya N kwa kemikali nyingine, halafu unaweka asidi kwenye hali ambayo inakata muungano wa kwanza peke yake. Pingili ya kwanza inadondoka, unaitambua, na mnyororo uliobaki uko mzima na una kichwa kipya. Unarudia. Unarudia tena. Mwaka 1967 yeye na Geoffrey Begg wakatoa mashine ya kuifanya kazi hiyo yenyewe. Kila mzunguko unapoteza kidogo kwa hiyo ukifika pingili 50 hivi majibu yanaanza kuwa matope, lakini kwa miaka mingi hii ndo ilikuwa njia ya kusoma protini.

Ila inahitaji kitu kimoja: ncha ya N iwe huru. Na hapa mwili una ujanja wake. Protini nyingi za binadamu, sehemu kubwa kweli, seli ikishazitengeneza inazifunika kichwa kwa kikundi cha asetili. Ukiziweka kwenye mashine ya Edman, kimya. Mashine haijaharibika, kichwa kimevaa kofia. (Kofia ni jina tu la kunirahisishia, tuendelee.)

Kuna homoni moja ndogo ya ubongo, inaitwa TRH, ndiyo inayoamrisha tezi ya pituitari kutoa homoni ya kuchochea tezi dundumio. Makundi mawili ya Marekani yalishindana kuitafuta miaka ya 1960, la Roger Guillemin likitumia ubongo wa kondoo na la Andrew Schally likitumia wa nguruwe, na walichinjiwa wanyama kwa maelfu kwa maelfu ili wapate vimiligramu. Wakaivunja, wakakuta amino asidi tatu tu, histidini, prolini, na glutamiki, kwa viwango sawa. Rahisi, si ndiyo? Wakatengeneza tatu hizo kwa mpangilio unaoonekana sawa, Glu-His-Pro, haifanyi kazi yoyote. Na ukitafuta kichwa kwa njia za kawaida hakuna kichwa. Ikaja kujulikana mwaka 1969: glutamiki ya mbele imejikunja ikajifunga yenyewe kuwa duara dogo, amini yake haipo huru tena, na mkiani prolini haina asidi huru, imewekewa amaidi, yaani kikundi chenye naitrojeni kimefunika ile asidi. Pingili tatu tu na ncha zote mbili zimefungwa. Walipozifunga ncha, homoni ikafanya kazi. Mwaka 1977 wakapewa Nobeli, pamoja na Rosalyn Yalow ambaye yake ilikuwa ni ya njia ya kupima homoni. Mimi hii ndo hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye kemia ya uhai, kwa sababu viungo vyote vilikuwa mezani na bado dawa haikuwa dawa.

Sasa nije nyumbani. Shangazi yangu anakaa Ujiji, ana kisukari muda mrefu, na alikuwa ameshazoea insulini yake ya zamani ile ya mawingu, unaiviringisha kichupa kwenye viganja taratibu mpaka iwe nyeupe yote kama maziwa yaliyochanganywa vizuri, hutikisi, unaviringisha. Daktari akambadilishia akampa glajini, ya kuchoma mara moja kwa siku. Nikaenda kumsalimia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, hata sijakaa akaniwekea kichupa mkononi. "Hebu angalia hii. Si maji haya? Wamenipa maji." Akakiinua dirishani, na kweli, ni angavu kabisa, unaona ukuta wa jirani upande wa pili. Kwake yeye dawa yenye nguvu inaonekana, na ile ya mawingu ilikuwa inaonekana.

Nikamweleza hivi, na nitawaeleza na nyinyi ila kwa kirefu kidogo. Ile ya zamani ilikuwa na mawingu kwa sababu insulini imeshikishwa na protini nyingine inaitwa protamini pamoja na zinki, inakuwa chembechembe zinazoyeyuka polepole. Hii mpya ujanja wake uko kwenye ncha. Mnyororo B wa insulini ya binadamu unaishia kwenye threonini namba 30. Wakaongeza hapo mkiani arjinini mbili, ambazo zina chaji chanya. Na mnyororo A unaoishia kwenye asparajini namba 21, wakaitoa asparajini wakaweka glaisini. Basi, ncha mbili za C. Ukiongeza chaji chanya, ile pH ambayo protini inakuwa haina chaji kwa jumla inapanda, kutoka kama 5.4 mpaka kama 6.7, na protini ikikaribia pH hiyo haipendi tena kukaa kwenye maji, inaganda. Kwa hiyo kwenye kichupa wameiweka kwenye asidi, pH 4, imeyeyuka yote, angavu. Ukichoma chini ya ngozi inakutana na pH ya mwili, inaganda palepale kuwa chembe ndogondogo, na inayeyuka kidogo kidogo karibu siku nzima. Mawingu yapo, ila yanatokea tumboni kwa shangazi badala ya kwenye kichupa.

Na asparajini ya mwisho iliondolewa kwa nini? Kwa sababu kwenye asidi asparajini iliyokaa ncha ile inaharibika, inapoteza amaidi yake, dawa ingeharibika ikiwa bado iko kwenye friji. Glaisini haina cha kupoteza.

Kinachonifurahisha zaidi ni zile arjinini mbili. Hawakuziokota mbali. Kongosho lenyewe linapotengeneza insulini linaanza na mnyororo mmoja mrefu, proinsulini, pingili 86, na mara tu baada ya ile threonini ya 30 kuna arjinini mbili zimekaa pale. Zinakatwa baadaye na kimeng'enya cha kukata mkiani wakati insulini inakamilishwa. Na glajini ikishayeyuka mwilini yanaipata hayo hayo, arjinini zinapogolewa, na kinachozunguka kwenye damu kwa sehemu kubwa ni ile iliyokwisha kupogolewa. Shangazi hapo alikuwa ameshaacha kunisikiliza, anamwita mjukuu alete chai. Ila swali lake la mwisho lilikuwa zuri kuliko yote: akasema zamani wengine walikuwa wanachanganya mbili kwenye bomba moja wachome mara moja, je hii? Hii hapana. Iko kwenye asidi, ukiichanganya na nyingine pH inabadilika humo humo kwenye bomba na mahesabu yote ya kuchelewa yanaharibika. Hiyo tu ndo nilitaka aishike, mengine ni ya kwetu.

Kwa wanaopenda historia, insulini ya nguruwe ilitofautiana na ya binadamu pingili moja tu, na pingili yenyewe ni hiyo hiyo ya mwisho ya mnyororo B, nguruwe ana alanini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna waliokuwa wanachukua insulini ya nguruwe na kubadilisha ncha hiyo kwa kimeng'enya, inakuwa ya binadamu kabisa. Kwa mji kama Ujiji wenye Waislamu wengi unaweza kufikiria maswali yaliyokuwa yanaulizwa. Siku hizi insulini ya binadamu inatengenezwa na bakteria au hamira, maswali hayo yamepungua.

Ncha nyingine iko kwenye karatasi ya majibu. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, watu wanadhani kinapima sukari. Kinapima ncha. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo ya aina mbili, alfa na beta, na mnyororo wa beta unaanza na valini. Amini ya ncha hiyo ni dhaifu kidogo kushika haidrojeni kuliko amini za laisini za ubavuni, kwa hiyo kwenye pH ya damu nyingi zinakuwa wazi, hazina chaji, tayari kushikana na kitu. Glukosi inapita, inajishika. Mwanzoni inaweza kuachia, baadaye inajipanga upya na hapo haitoki tena mpaka seli ife. Seli nyekundu inaishi kama siku 120, kwa hiyo ukihesabu ni asilimia ngapi ya ncha zimeshikwa na sukari umepata wastani wa miezi miwili mitatu. Samuel Rahbar, Muirani, ndiye aliyeona mwaka 1968 kwamba himoglobini hii imezidi kwa wenye kisukari. WHO tangu 2011 wanakubali 6.5% kuwa mpaka wa kusema huyu ana kisukari.

Njia ya marejeo ya kimataifa ndo tamu. Wanachukua kimeng'enya kinachokata baada ya asidi ya glutamiki, kinakata zile pingili sita za mwanzo za beta, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, glutamiki, halafu wanahesabu vipande vyenye sukari kichwani na visivyo nayo. Sasa mwenye kujua selimundu ameshashtuka. Pingili ya sita! Kwenye selimundu ile glutamiki ya sita ndiyo imegeuka kuwa valini, Vernon Ingram alilionyesha hilo miaka ya 1956 na 1957. Mkasi unafika pale pa kukata, haukuti alama yake, unakata mbele kidogo.

Na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi wanazaliwa na selimundu, kwa hiyo siyo habari ya vitabuni. Mashine nyingi za kisasa zinawamudu wale wenye kurithi upande mmoja tu, lakini kwa mwenye ugonjwa wenyewe kipimo hiki hakifai kabisa hata mashine iwe ya dhahabu, kwa sababu seli zake zinakufa mapema, ncha hazijapata muda wa kushikwa na sukari, jibu linatoka zuri la uongo. Jirani yangu mmoja wa huku Katubuka hana selimundu, ila alilazwa na malaria kali akaongezewa damu, baada ya wiki chache kituo kimoja kikampima HbA1c kikampa 5.6 na kumpongeza, wakati kidoleni glukomita inasoma 14, sukari iko juu sana. Akaniletea karatasi, "mwalimu, nipo sawa au sipo sawa?" Nikampigia rafiki yangu wa maabara akajibu kwa sentensi moja: kipimo hakijakosea, ila damu yenyewe siyo yake yote. Walitakiwa kumuuliza tu kama ameongezewa damu. Swali la sekunde tano. Kwa watu wa namna hiyo tegemea kidole, au kama kipo kile kipimo cha protini za kwenye maji ya damu kinachoonyesha wiki mbili tatu.

Nitapita haraka kwenye mawili. Moja, ncha ya N inaweza kuamua protini iishi muda gani. Alexander Varshavsky na wenzake mwaka 1986 walichukua protini ile ile wakaibadilisha pingili ya kwanza tu, ndani ya hamira: ikianza na methionini nusu yake inadumu zaidi ya saa 20, ikianza na arjinini kama dakika 2. Pili, vidonge vya presha vya kundi la kaptopril na enalapril vinazuia kimeng'enya kinachokata pingili mbili za mkiani kwenye anjiotensini, kutoka kumi zibaki nane, na zile nane ndo zinabana mishipa. Wazo lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazil, ambayo ina peptaidi (minyororo mifupi ya amino asidi) zenye kichwa kilichojifunga kama cha TRH na mkia wa prolini unaokwamisha kimeng'enya. Kaptopril yenyewe imejengwa juu ya prolini.

Wodi ya wazazi nayo ina ncha zake. Oksitosini, ile wanayochoma mama akishajifungua ili kuzuia damu kumwagika, ni pingili tisa, inaanza na sisteini na kuishia na glaisini yenye amaidi mkiani badala ya asidi huru. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, ya kwanza ya aina yake, akapata Nobeli 1955. Shida yake inataka ubaridi, na ukifikiria dawa inavyosafiri kwa boti kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa, Buhingu, Kalya, utaelewa kwa nini ubaridi ni neno zito. Kabetosini ni oksitosini iliyorekebishwa, na mojawapo ya marekebisho ni kuondoa amini ya ncha ya N kabisa, vimeng'enya vya kula kutoka kichwani vinakosa pa kuanzia. Ile iliyoandaliwa kuvumilia joto inakaa nje ya friji kwenye nyuzi 30, na WHO waliiingiza kwenye mapendekezo yao mwaka 2018.

Ndipo mwanafunzi mmoja, yule yule wa alama ya sawasawa, akaniuliza: ticha kama ncha ndo matatizo, si wazitoe zote mbili, waunge kichwa na mkia?

Zipo. Na hadithi yake inatoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, ingawa ni mbali kule Kasai siyo hapa Kalemie. Daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa kule na msalaba mwekundu mwaka 1960, akaona kina mama wanachemsha mmea fulani, kalata-kalata, wanakunywa kama chai ili uchungu uende haraka. Alipoupima baadaye akakuta kinachofanya kazi ni peptaidi, jambo ambalo halikuwa na maana, kwa sababu peptaidi ya kawaida ukiichemsha halafu ukainywa tumbo litaila kama linavyokula dagaa. Umbo lake likaja kueleweka 1995: pingili 29, madaraja matatu ya salfa, na mnyororo hauna mwanzo wala mwisho, ni duara. Seli ya mmea inaanza na mnyororo mrefu wa kawaida wenye kichwa na mkia, halafu kimeng'enya kinakata penye asparajini na badala ya kuachia, kinaishonea kwenye glaisini ya upande wa pili. Vimeng'enya vinavyong'ata kutoka nchani vinazunguka havikuti pa kung'ata. Kwa kina mama mnaosoma, hakuna anayejua kikombe kimoja kina kiasi gani na mji wa mimba unaweza kubana kupita kiasi, kwa hiyo msijaribu, wodi ina dawa yenye kipimo.

Akauliza tena, sasa Edman angeisoma vipi? Asingeiweza hivyo ilivyo, mashine ingekaa kimya kama kwa TRH. Lakini kalata B1 kwenye pingili zake zote 29 ina asidi ya glutamiki moja tu, kwa hiyo ukifungua madaraja ya salfa na kuweka kile kile kimeng'enya cha HbA1c, kinakata sehemu moja, duara linafunguka linakuwa mnyororo, lina ncha ya N na ncha ya C, na hapo unaanza kuhesabu kama kawaida.